Karabakh: vita vya nani alitangulia kufika

Tarehe 5 Julai 1921, Tiflis, mji ambao leo tunauita Tbilisi, kamati ya chama cha Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, iliyokuwa inasimamia Kaukasia, eneo lililo kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, ilikaa ikaamua kwamba Karabakh ya milimani ibaki Azerbaijan, ipewe mamlaka mapana ya kujiendesha, na makao yake yawe mji wa Shusha. Jana yake tu, tarehe 4, kamati hiyohiyo ilikuwa imepiga kura eneo hilo liende Armenia. Stalin alikuwepo. Kulala na kuamka, uamuzi ushageuka.

Sasa wakutanishe leo Muarmenia na Muazeri wanaoijua historia yao vizuri, waache wabishane, haichukui muda watakuwa wamefika kwenye kitenzi. Ndio, kitenzi. Muazeri atakwambia waraka wa Kirusi umeandikwa "kuacha", Karabakh iachwe ndani ya Azerbaijan, na kitu huwezi kukiacha mahali ambapo hakikuwepo, kwa hiyo ilikuwa yetu toka mwanzo. Muarmenia atasema hilo ni neno la karatasi tu, kilichofanyika pale ni kugawa, Stalin alichukua ardhi ya watu akampa mtu mwingine bila kuwauliza wenyewe. Kuacha au kugawa. Makumi ya maelfu ya watu wameshazikwa na bado kuna wasomi wanaandika kurasa kwa kurasa juu ya neno hilo moja.

Nimechagua kisa hiki manake tukizungumzia vita vya ardhi na makabila wengi wetu tunakimbilia silaha, mafuta, Urusi anataka nini, Uturuki anataka nini. Hayo yapo, sikatai. Lakini kwa Karabakh ukiiondoa historia mezani hutaelewa kwa nini watu waliokuwa majirani, wengine wameoana kabisa, walishindwa kupata hata sentensi moja ya kukubaliana kwa miaka zaidi ya 30. Na ninavyoona mimi, uongo haukuwa shida kubwa zaidi. Uongo ulikuwepo na nitautaja. Shida kubwa ni kwamba kila upande ulikuwa na ukweli wa kumtosha, anaishi nao bila kuuhitaji ukweli wa mwenzake, kinachoamua ni mwaka gani unaanzia kuhesabu.

Mahali penyewe ni padogo. Mkoa wa kujiendesha ambao Wasovieti waliuunda rasmi Julai 1923 ulikuwa na kilomita za mraba kama 4,400 hivi, milima na mabonde, na sensa ya 1989 ilihesabu watu wapatao 189,000, robo tatu Waarmenia, waliobaki karibu wote Waazeri. Hata jina lenyewe, Nagorno-Karabakh, ni la kushirikiana: kara ni nyeusi kwa Kituruki, bagh ni bustani kwa Kiajemi, nagorny ni ya milimani kwa Kirusi. Waarmenia wao wanapaita Artsakh, jina la zamani kabisa la jimbo lao. Mji mkuu Waarmenia wanauita Stepanakert, Waazeri wanauita Khankendi. Ukifungua mdomo kutaja tu mji, ushachagua upande.

Hadithi ya Waarmenia inaanzia mbali. Artsakh ilikuwa jimbo la ufalme wa kale wa Armenia, na kwenye monasteri ya Amaras mapokeo yao yanasema Mesrop Mashtots, mtu aliyebuni herufi za Kiarmenia, alifungua shule mwanzoni mwa karne ya 5. Monasteri ya Gandzasar imesimama toka karne ya 13, imejaa maandishi ya Kiarmenia ukutani. Halafu wakaja wafalme wadogo watano wa Kiarmenia, wale mameliki, walioshikilia milima hiyo hata wakati Uajemi ndo bwana mkubwa wa eneo lote. Kwa Muarmenia hii ndo sehemu ambayo taifa lake halikuwahi kuzimika kabisa. Armenia nyingine zote zilimezwa, hii ilibaki na moto jikoni. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini kumwambia "achana na Karabakh mpate amani" alikuwa anasikia unamwambia azime moto wa mwisho.

Hadithi ya Waazeri inaanzia kwingine. Kwanza kulikuwa na Albania ya Kaukasia, haina undugu wowote na Albania ya Ulaya, ufalme wa kale wa Kikristo wenye watu wake na herufi zake. Waazeri wanajihesabu kuwa warithi wa watu wale, na wanasema makanisa ya Karabakh ni ya Waalbania, Waarmenia waliyarithi baadaye wakaandika jina lao juu. Halafu ukaja utawala wa Panah Ali Khan katikati ya karne ya 18, ndiye aliyeifanya Shusha kuwa ngome na mji mkuu wake, na Shusha ikaja kuwa chimbuko la muziki na ushairi wao, mshairi Natavan ni binti wa khan, yani mtawala, wa mwisho wa hapo, na Uzeyir Hajibeyov, baba wa opera ya Kiazeri, amekulia hapo. Halafu mwaka wao mkubwa: 1828. Urusi ilimshinda Uajemi, ukasainiwa mkataba wa Turkmenchay, na baada yake maelfu kwa maelfu ya Waarmenia wakahamishwa kutoka Uajemi kuja upande wa Warusi. Kwa hiyo, anasema Muazeri, nyie ni wageni, tena mmeletwa juzi na mkoloni.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini angalia vizuri: karibu kila nilichokiandika hapo juu kilitokea. Mameliki walikuwepo. Khan alikuwepo. Watu walihamishwa kweli 1828. Warusi walipofanya hesabu ya Karabakh 1823, miaka mitano kabla ya mkataba huo, walikuta utawala mzima wa khan, milima na tambarare kwa pamoja, wengi ni Waislamu, yani upande wa Waazeri, ila ukichukua zile wilaya za milimani peke yake wengi ni Waarmenia. Kitabu kimoja cha hesabu, upande mmoja unasoma jumla, mwingine unasoma milima, wote wanakipiga mezani wakisema haya, ona mwenyewe.

Kwenye hilo la Albania lazima niseme wazi. Kwamba Albania ilikuwepo na kwamba sehemu ya watu wake waliyeyukia kwenye Waarmenia, hilo wanahistoria wengi hawalipingi. Ila kuchukua monasteri ya karne ya 13 yenye maandishi ya Kiarmenia kila ukuta ukasema haina uhusiano na Waarmenia, hapo tumeshatoka kwenye historia. Na upande wa pili kuna uongo wa saizi ileile. Yerevan, mji mkuu wa Armenia, mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa mji wa khan wenye Waislamu wengi, na msikiti mkubwa uliobaki pale, ule wa buluu wa karne ya 18, siku hizi unatambulishwa kama msikiti wa Kiajemi. Ukishauita wa Kiajemi, jirani yako Muazeri hajawahi kuishi hapo. Yani neno moja tu na watu wanafutika kwenye mji wao, hakuna hata haja ya kubomoa.

Wanaotunga hadithi hizi si wazee wa kijiji. Ni watu wa chuo, tena wengi wamezipanga kwa nguvu mpya chini ya Wasovieti, wakati ambapo siasa ya wazi ilikuwa marufuku lakini kubishana juu ya karne ya 7 kuliruhusiwa. Mwaka 1965 ni mfano mzuri. Aprili 24 mwaka huo watu waliingia mitaani Yerevan kwa wingi ambao Moscow hawakuutarajia, wakikumbuka miaka 50 ya mauaji ya kimbari ya Waarmenia ya 1915 chini ya Waturuki wa Osmani, na miaka miwili baadaye mnara wa kumbukumbu ukakamilika juu ya kilima. Mwaka huohuo wa 1965 kule Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, mwanahistoria Ziya Bunyadov alitoa kazi yake juu ya Azerbaijan ya karne ya 7 hadi ya 9, na hoja ya Albania ikapata mtetezi wake mkubwa. Maprofesa wa Yerevan wakajibu, wa Baku wakajibu majibu. Kwa miaka 20 walipigana kwa tanbihi. Watu wa kawaida walikuwa hawana habari nao sana, walikuwa wanapanga foleni na kunywa chai pamoja, ila risasi za maneno zilikuwa zinahifadhiwa stoo.

Na kulikuwa na malalamiko ya kweli, hili nalo nisiliruke manake kuna watu wakisoma mambo ya "simulizi" wanadhani kila kitu kilikuwa kichwani tu. Waarmenia wa Karabakh walilalamika kwamba Baku inawabana, barabara, vitabu, televisheni ya lugha yao, na walikuwa wanaiangalia Nakhichevan, eneo lingine lililowekwa chini ya Azerbaijan, ambako Waarmenia walikuwa sehemu kubwa ya watu mwanzoni mwa karne na kufika 1979 hawafiki hata asilimia 2. Walijiona wakiwa kwenye foleni hiyohiyo. Waazeri nao walikuwa na lao: kati ya 1948 na 1953 maelfu na maelfu ya Waazeri walihamishwa kutoka Armenia kupelekwa mabonde ya mto Kura, na kidonda hicho hakikuandikwa kwenye gazeti lolote la Kisovieti. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na maumivu ya karibuni, ya babu au ya baba, lakini walipofungua mdomo 1988 hawakuyasema hayo, walisema mambo ya mfalme na khan. Hapo ndo naona historia ilipofanya kosa lake kubwa. Maumivu ya juzi unaweza kuyajadili, barabara unaweza kuijenga, televisheni unaweza kuifungua. Karne ya 5 utaifanyia nini?

Februari 20, 1988, baraza la mkoa wa Karabakh lilipiga kura kuomba kuhamishiwa Armenia. Siku saba baadaye, Februari 27 hadi 29, mji wa viwanda wa Sumgait karibu na Baku uliwaka, magenge yakaingia kwenye maghorofa yakiwatafuta Waarmenia nyumba kwa nyumba. Hesabu rasmi ilisema wamekufa 32, Waarmenia 26 na Waazeri 6.

Sasa tazama hapa hadithi ilivyofanya kazi, manake hii ndo sehemu ninayotaka tuikae kidogo. Sumgait ilikuwa na sababu zake za mwaka ule ule: mji uliojaa vijana wasio na makazi, Waazeri waliokuwa wametoroka vijiji vya Armenia wakija na habari za kupigwa, tangazo redioni la vijana wawili wa Kiazeri waliouawa Askeran, ndani ya Karabakh, polisi waliosimama pembeni. Hakuna hata moja linaloyafanya mauaji yale kuwa halali, nasema tu yalikuwa na wahalifu wenye majina na polisi waliozembea. Lakini Yerevan haikusikia uhalifu wa Februari 1988. Ilisikia 1915. Jirani wa Kiazeri, aliyekuwa jana Muazeri, ghafla akawa "Mturuki", yuleyule aliyemuua babu wa babu yako jangwani, na ukishamwona hivyo hakuna cha kuongea naye, unafanya nini na mtu ambaye ameshakuua mara moja? Kule Baku nako hadithi ikasoma matukio kwa miwani yake: hawa tuliowakaribisha 1828 sasa wanataka nyumba nzima. Watu wawili wamesimama sehemu moja, mmoja anamwona mchinjaji wa 1915, mwingine anamwona mgeni asiye na shukrani. Hakuna aliyekuwa anamwona fundi wa ghorofa ya tatu.

Baada ya hapo kila tukio lilipewa jina kubwa. Januari 1990 Waarmenia waliuawa na kufukuzwa Baku, na tarehe 20 jeshi la Kisovieti likaingia Baku likaua raia zaidi ya 130. Usiku wa Februari 25 kuamkia 26, 1992, mji wa Khojaly ulitekwa na majeshi ya Kiarmenia na raia wa Kiazeri waliokuwa wanakimbia usiku kwenye theluji wakapigwa risasi, Azerbaijan inahesabu waliokufa 613. Waazeri wanaliita tukio hilo mauaji ya kimbari, na 1998 rais Heydar Aliyev alitangaza Machi 31 kuwa siku ya kukumbuka mauaji ya kimbari ya Waazeri, kwa kuanzia matukio ya Baku ya 1918. Yani sasa kila upande una mauaji yake ya kimbari na siku yake kwenye kalenda, na maua yake, na watoto wa shule wamepangwa mstari.

Kuna kijiji kinaitwa Maragha, kaskazini mashariki mwa Karabakh, pembeni milima inapoishia. Mwaka 1978 pale palijengwa mnara wa kusherehekea miaka 150 toka mababu wa kijiji walipohamia kutoka mji wa Maragheh, Uajemi. Wanakijiji wenyewe waliona fahari tu, tumetoka mbali jamani, tumefika. Waazeri wameishika picha ya mnara ule mpaka leo: si mnaona, Waarmenia wenyewe wameandika kwenye jiwe kwamba wamekuja 1828. Ni hoja yenye nguvu kwa macho, ila kijiji kimoja cha waliohamia hakikwambii kitu juu ya vijiji vya juu mlimani ambavyo hesabu ya 1823 ilishavikuta. Halafu Aprili 10, 1992, wiki sita baada ya Khojaly, majeshi ya Azerbaijan yaliingia Maragha na kuua makumi ya wanakijiji, wengi wao wazee na watu ambao hawakuweza kukimbia, wengine wakachukuliwa mateka. Mtajie Muazeri Maragha, anaona mnara. Mtajie Muarmenia, anaona wale wazee. Ni kijiji kilekile kimoja, na sijaona kitabu cha shule cha upande wowote kinachoweka yote mawili kwenye ukurasa mmoja.

Vita viliposimama Mei 1994 Waarmenia ndo walioshinda. Walishika karibu Karabakh yote na wilaya saba za kuizunguka, tano nzima na vipande vya mbili, na hizo wilaya za kuzunguka zilikuwa za Waazeri, zaidi ya nusu milioni walitoka huko na kuishi miaka na miaka kwenye mahema, mabehewa ya treni na majengo ya shule. Mwanzoni Waarmenia walisema wazi: hizi tunazishika kwa usalama, zitarudishwa tukikubaliana. Waliziita mkanda wa usalama. Ngoja miaka ipite. Taratibu zikaanza kuitwa "maeneo yaliyokombolewa", Kelbajar ikawa Karvachar, Lachin ikawa Berdzor, ramani mpya zikachorwa bila mstari wa zamani, na mtoto aliyezaliwa Yerevan mwaka 2000 aliangalia ramani ile ukutani akaamini Artsakh siku zote ilikuwa na umbo lile. Kitu kilichoshikwa kama dhamana kikageuka urithi wa mababu, na hakuna sheria iliyopitishwa siku moja kusema hivyo, ni maneno tu yalibadilika.

Mtu mmoja aliliona hili mapema. Levon Ter-Petrosyan, rais wa kwanza wa Armenia huru, mwenyewe ni msomi wa maandishi ya kale, maisha yake yote kabla ya siasa yalikuwa miswada ya zama za kati, kwa hiyo hakuna wa kumwambia haijui historia ya taifa lake. Mwaka 1997 aliandika makala akiwauliza wananchi wachague, vita au amani, hoja yake ikiwa kwamba dunia haitakubali hali ibaki ilivyo na muda hauko upande wa Armenia. Akaitwa msaliti. Februari 1998 akajiuzulu. Katika watu wote waliohusika na mgogoro huu, yeye ndiye ninayemfikiria sana, manake alikuwa anaijua hadithi ile kwa kina kuliko wote waliompigia kelele, na labda ndo maana hakuiogopa.

Na kuna jambo la umri ambalo watu hawalizungumzii vya kutosha. Waliopigana vita vya kwanza waliwahi kuishi pamoja. Walijua Muazeri anafananaje, anacheka nini, wengine walizungumza lugha ya mwenzake sokoni. Baada ya 1994 mpaka ukafungwa kabisa, hakuna simu, hakuna basi, hakuna soko. Kijana aliyeitwa jeshini 2020 akiwa na miaka 19 hajawahi kumwona mtu wa upande wa pili kwa macho, alichonacho ni kitabu cha darasa la nane na video za mtandaoni. Wazee waliotakiwa kumwambia "nilikuwa na jirani pale, mtu mzuri" walikuwa wanakufa mmoja mmoja.

Agosti 2019 waziri mkuu wa Armenia Nikol Pashinyan alisimama uwanjani Stepanakert akasema Artsakh ni Armenia, nukta. Oktoba mwaka huohuo, mjini Sochi, Urusi, rais wa Azerbaijan Ilham Aliyev akajibu kwamba Karabakh ni Azerbaijan, na alama ya mshangao. Wametamka hivyohivyo, alama za uandishi, viongozi wa nchi. Septemba 27, 2020 vita vikaanza, siku 44, wakafa askari karibu 7,000 wa pande zote mbili kwa pamoja, na Azerbaijan ikazipata tena wilaya zote pamoja na Shusha. Desemba 2022 njia pekee ya Waarmenia wa Karabakh kwenda Armenia ilifungwa, chakula na dawa vikaadimika kwa miezi, na Septemba 19, 2023 Azerbaijan ikashambulia, ndani ya siku moja ikaisha. Watu zaidi ya 100,000 waliondoka ndani ya wiki moja hivi, magari yamebebana kwenye njia hiyohiyo, barabara ya Lachin, mpaka hayasogei. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za watu wanaoishi, Karabakh karibu haina Waarmenia.

Ungedhani basi ubishi wa nani alitangulia umekwisha, wa kubishana hawapo. Ndo kwanza umehamia kwenye mawe. Februari 2022 waziri wa utamaduni wa Azerbaijan alitangaza kuundwa kikundi cha kuondoa "alama za kubuni za Waarmenia" kwenye makanisa yanayoitwa ya Kialbania, kelele zikapigwa duniani, wizara ikalegeza maneno. Wanaojua habari ya Julfa hawakushangaa. Kule Nakhichevan, kando ya mto Aras, kulikuwa na makaburi ya Waarmenia yenye maelfu ya misalaba ya mawe iliyochongwa kama lesi, na Desemba 2005 watu waliokuwa ng'ambo ya mto upande wa Iran walirekodi wanajeshi wakiivunja kwa nyundo na kuimwaga mtoni. Azerbaijan inakana, inasema hapajawahi kuwa na makaburi ya Waarmenia pale. Hiyo ndo hadithi ya Albania ikifika mwisho wake: ukishasema hawakuwepo, inabidi mawe nayo yakubaliane na wewe. Na upande wa pili Aghdam, mji wa Waazeri maelfu kwa maelfu, ulivunjwavunjwa miaka Waarmenia walipokuwa wanaushikilia, tofali kwa tofali mpaka ikabaki minara ya msikiti imesimama peke yake, na ng'ombe wakiingia ndani. Waazeri waliporudi 2020 walipiga picha mlangoni wakilia. Ningekuwa wao ningelia pia.

Agosti 8, 2025, Washington, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizi mbili waliweka saini za awali kwenye mkataba wa amani. Kinachokwamisha saini ya mwisho ni historia tena. Azerbaijan inataka Armenia ibadilishe katiba yake, manake utangulizi wa katiba unataja azimio la uhuru la 1990, na azimio hilo linataja tamko la Desemba 1, 1989 la kuunganisha Armenia na Karabakh. Karatasi inayotaja karatasi inayotaja karatasi. Pashinyan yuleyule wa nukta sasa anawaambia watu wake waache kutafuta nchi ya kihistoria, wajenge hii halisi waliyonayo, na wengi wanamchukia kwa hilo. Wakati huohuo upande wa mshindi hadithi haijatosheka: kwenye gwaride la ushindi la Desemba 2020 Aliyev aliitaja Yerevan yenyewe, Zangezur ya kusini mwa Armenia na ziwa Sevan kuwa ardhi za kihistoria za Waazeri. Ukimwachia mtu aanzie mwaka anaoutaka, hata mji mkuu wako hauko salama.

Nimalizie na vijiji viwili. Kyzyl-Shafag kilikuwa kijiji cha Waazeri kaskazini mwa Armenia. Kerkenj kilikuwa kijiji cha Waarmenia huko Azerbaijan, wilaya ya Shamakhi. Baada ya Sumgait wote wakajua hawatabaki. Badala ya kungoja kufukuzwa usiku, wakatumiana watu, wakatembeleana, wakakagua nyumba, wakakaa wakakubaliana, na 1989 wakabadilishana vijiji. Kijiji kizima kikahamia kwenye nyumba za kijiji kingine. Hakuna aliyeuawa. Na katika makubaliano yao, watu hawa ambao hawakuandika kitabu chochote cha historia, waliwekeana sharti moja la kihistoria: nyie mtaangalia makaburi yetu, na sisi tutaangalia ya kwenu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake babu yake alifika lini. Watafiti waliokwenda huko miaka zaidi ya 15 baadaye, vita vimeshapita na mpaka umefungwa, walikuta makaburi ya Waislamu yamesimama Armenia na makaburi ya Wakristo yamesimama Azerbaijan, yenye majina ya wenyewe.